Weikibodi: Haraka ya Kusimama Ndiyo Inayoangusha

Weikibodi ni mchezo wa kuteleza juu ya maji ukiwa umesimama kiubavu kwenye ubao mmoja uliofungwa miguuni, huku ukivutwa na boti au na kebo inayoendeshwa kwa umeme. Anayeutazama kwa mara ya kwanza huvutwa macho na wale wanaopaa juu ya mawimbi na kupinduka hewani, akadhani ugumu wa mchezo uko huko juu. Kwa anayeanza, ugumu wote umejibana katika sekunde chache za mwanzo, tangu kamba inapokaza mpaka ubao unapopanda na kuanza kuteleza. Hapo ndipo watu wenye afya zao, wengine wanamichezo hodari, hupigwa mweleka mara kwa mara na kurudi gatini wakiamini kwamba hawana mizani ya mwili. Sidhani kama mizani ndiyo tatizo, wala nguvu. Kinachowaangusha ni haraka. Mwili unataka kujiinua wenyewe wakati kazi hiyo imekwisha kukabidhiwa injini, na karibu kila kanuni ya msingi ya mchezo huu, tangu namna ya kushika mpini hadi namna ya kuanguka, ukiichunguza utaona ni njia ya kuuzuia mwili usikurupuke.

Ushahidi wa kwanza ni wa zamani kuliko weikibodi yenyewe. Mwaka 1922 kijana wa Minnesota, Marekani, aitwaye Ralph Samuelson, alijipa kazi ya kuteleza juu ya Ziwa Pepin kama watu wa kwao walivyoteleza juu ya theluji. Hakuwa na mwalimu, kwa kuwa mchezo wenyewe haukuwapo. Alijaribu mbao za mapipa, akajaribu skii za theluji, zote zikamshinda. Mwishowe alipata mbao mbili za urefu wa futi nane, akazichemsha ncha zake katika chungu cha shaba cha mama yake mpaka zikalainika, akazipinda zielekee juu. Ndugu yake Ben ndiye aliyeendesha boti. Hata kwa mbao hizo mpya aliendelea kuzama, kwa sababu alianza ncha zikiwa sawa na maji au chini yake, na boti ilipovuta zikachimba. Tarehe 2 Julai, siku moja kabla ya kutimiza miaka 19, alibadili kitu kimoja: alijilaza nyuma majini, akaziacha ncha zichomoze juu ya maji, akatulia boti imvute. Akapanda. Hakuwa ameota misuli mipya usiku ule, wala boti haikuwa imebadilishwa injini. Kilichobadilika ni mkao, na kukubali kuvutwa kabla ya kusimama. (Kutambuliwa rasmi kuwa mwanzilishi wa skii ya majini alikupata mwaka 1966; hapo napo ilimbidi angoje.)

Kwa nini mkao ule ulifanya kazi? Ubao wa weikibodi hauwezi kumbeba mtu kwenye maji yaliyotulia. Wa mtu mzima una urefu wa sentimita 140 hivi na upana wa sentimita 40 na kitu, na mtu wa kilo 70 akiusimamia bila kuvutwa utazama naye. Kinachombeba ni kasi. Jiwe bapa likirushwa juu ya ziwa hurukaruka, na likiishiwa kasi huzama palepale. Ubao nao hubebwa na maji yanayougonga upande wa chini na kulazimishwa kupita. Nguvu hiyo haikui sambamba na kasi, inakua kwa mraba wake: kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu huongezeka takriban mara nne, ikiongezeka mara tatu, huwa karibu mara tisa. Boti inapokwenda kilomita 8 kwa saa, mwanafunzi yuko juu ya kitu ambacho bado hakiwezi kumhimili. Ikifika 24, kitu kilekile kina uwezo wa kutosha na kubaki. Kati ya hali hizo mbili hupita sekunde chache tu, na anayesimama katika sekunde ya kwanza anaukabidhi uzito wake wote kwa ubao ambao haujawa tayari kuupokea.

Kuna jambo la pili katika hizo sekunde chache, nalo halisemwi mara nyingi. Ubao unapolima maji kabla ya kupanda, ukinzani hauongezeki polepole hadi mwisho. Hufikia kilele muda mfupi kabla ya ubao kutoka, kisha hushuka, na kamba iliyokuwa nzito mikononi huwa nyepesi ghafla. Kilele hicho ndicho kinachomdanganya mwanafunzi. Anahisi kuzuiwa kuliko wakati wowote, maji yanamrukia usoni, na akili inamwambia kwamba asipofanya kitu sasa amekwisha. Ndipo ananyoosha miguu. Hakuna wakati mbaya zaidi wa kufanya hivyo. Kamba inavuta mikono kwenda mbele, maji yanaizuia miguu nyuma, na nguvu mbili za namna hiyo zikiwa mbali kwa kimo humpindua mtu kifudifudi. Aliyejikunyata, magoti yakiwa kifuani na mpini ukiwa karibu na ubao, ameacha shubiri mbili hivi kati ya panapovutwa na panapozuiwa. Aliyesimama ameifanya nafasi hiyo mita nzima, tena katika nukta ambayo ukinzani uko juu kabisa. Walio kwenye boti wataona mtu aliyeruka mbele kama aliyesukumwa mgongoni, nao watasema alikosa mizani.

Mkao wa kuanzia majini unafaa kutazamwa kwa karibu, maana kila sehemu yake ina sababu. Mwanafunzi huelea chali, jaketi la kuelea likimbeba, uso ukielekea boti. Ubao uko mbele yake, umekaa mkingamo, yaani haujaelekezwa kwenye boti kama mkuki, na ukingo wake mmoja unachungulia juu ya maji. Magoti yamekunjwa hadi kifuani, visigino vimevutwa karibu na makalio. Mikono imenyooka, imeyapita magoti kwa nje, na mpini uko katikati, juu kidogo ya ukingo wa ubao. Kwanza boti husogea polepole kabisa ili kamba inyooke. Kisha nguvu inapoongezwa, maji huugonga ubao kwa upana wake wote na kuusukuma kuelekea mwilini. Anayeanza hutafsiri msukumo huo kuwa shambulio, akauzuia kwa miguu, na miguu ikishanyooka maji hupanda juu ya ubao na kuubana chini. Anayetulia huyaacha magoti yakunjike zaidi, visigino viguse makalio, mpaka ubao ujipenyeze wenyewe chini yake. Ukitaka kufupisha somo zima la siku ya kwanza, ni hilo: acha ubao uje kwako.

Mtu anaweza kupinga kwamba hayo ni maneno ya vitabuni, kwa sababu kila siku tunaona wenye misuli wakiinuka kwa nguvu zao tu. Wapo, sikatai. Lakini historia ya chombo chenyewe inatoa jibu. Mwaka 1985 Tony Finn wa San Diego alitengeneza Skurfer, ubao mfupi wa kuvutwa na boti wenye umbo lililotokana na mbao za kutelezea mawimbi ya bahari. Ulikuwa mwembamba na wenye kuelea mno, hivyo kuuzamisha na kuutuliza chini ya mwili kabla ya kuvutwa ilikuwa kazi ya wenye nguvu na ustadi. Mwaka 1990 Herb O'Brien alitoa ubao alioupa jina la Hyperlite, uliotengenezwa kwa namna ambayo haung'ang'anii kupanda juu wala hauzami kama chuma. Ukiuzamisha unakaa pale ulipouweka. Kuanzia majini kukawa rahisi, na mchezo ukafunguka kwa watu ambao hapo awali wasingeuweza. Hao wapya hawakuwa na nguvu kuliko waliowatangulia. Ubao ndio ulioacha kushindana nao. Katika mchezo huu mtu mwenye nguvu hufaulu licha ya kuzitumia, na gharama yake huionyesha mapema: mikono humchoka kabla ya saa kwisha.

Mikono ndiyo yenye kisa kirefu zaidi. Mtu akihisi anavutwa, hujivuta. Hakuna anayefundishwa hilo. Mtoto mchanga ukimpa kidole hukikamata. Juu ya maji silika hiyo ina matokeo yanayoweza kuelezwa hatua kwa hatua. Mwanafunzi anakunja viwiko na kuuleta mpini kifuani. Kwa nukta moja amejiongezea kasi kuliko ya boti, kwa hiyo kamba inalegea. Iliyolegea haiwezi kumshikilia, naye alikuwa ameegemea nyuma akiitegemea, kwa hiyo anaanza kukaa majini. Wakati huohuo boti inaendelea mbele na kuumaliza ule ulegevu, kamba inakaza kwa mshtuko, na kwa kuwa kamba za mchezo huu hutengenezwa kwa nyuzi zisizonyumbuka, mshtuko wote unaishia mabegani na vidoleni. Mpini unachomoka au mtu anatupwa mbele. Mikono iliyonyooka huepusha mlolongo huo wote, na ina faida nyingine: uzito huning'inia kwenye mifupa na kano badala ya kubebwa na misuli ya mkono wa mbele, ambayo ni midogo na huchoka upesi. Anayeona vidole vyake vimekakamaa baada ya majaribio machache asikimbilie kulaumu udhaifu wake, aangalie viwiko.

Basi mwalimu afanye nini? Wengi husimama nyuma ya boti na kupaza sauti: nyoosha mikono, kunja magoti, angalia mbele, usisimame, egemea nyuma. Kila neno ni la kweli, na yote kwa pamoja hayafai kitu. Mwaka 1998 mtafiti Gabriele Wulf na wenzake walichapisha majaribio waliyofanya kwa mashine ya kuigiza mwendo wa skii, jukwaa lenye magurudumu ambalo mtu hulisukuma huku na huku kwa miguu. Kundi moja liliambiwa lifikirie miguu yake, jingine lifikirie magurudumu yaliyokuwa chini ya miguu hiyo. Umbali kati ya miguu na magurudumu ni mdogo sana, lakini waliofikiria magurudumu walijifunza vizuri zaidi. Matokeo ya aina hiyo yamerudiwa baadaye katika kazi za mizani na katika gofu. Maelezo yanayotolewa ni kwamba mtu akivichunguza viungo vyake vinapofanya kazi, huingilia mambo ambayo mwili ungeyapanga wenyewe. Inafaa kujua kwamba Wulf wazo hilo lilimjia akiwa kwenye ubao wa tanga, akijifunza kugeuka. Hakuwa mbali na habari yetu.

Kwa mwanafunzi wa weikibodi, tafsiri yake ni kumpa jambo moja, tena lililo nje ya mwili wake. Badala ya kumwambia anyooshe mikono, aambiwe auache mpini uende na boti. Badala ya kumhimiza asitazame miguu, aonyeshwe kitu cha kutazama: mnara wa boti, au mti ulio ng'ambo. Najua kuna walimu watakaosema kwamba anayeanza hajui lolote na lazima aelezwe kila kiungo kikae wapi. Wana haki kwa nusu ya kwanza. Maelezo ya viungo yana mahali pake, na mahali hapo ni nchi kavu, kabla ya kamba kukaza. Majini, injini ikinguruma na maji yakijaa masikioni, mtu hana nafasi ya orodha.

Hapo huja pingamizi la wale wanaocheka mazoezi ya nchi kavu: hakuna aliyejifunza kuogelea akiwa mchangani. Kwa upande mmoja wamesema kweli, maana hakuna zoezi la ufukweni linaloweza kumwonjesha mtu ule wepesi wa ghafla ubao unapopanda. Ila wanasahau hesabu ya muda. Jaribio lililoshindwa majini huisha kwa sekunde tano, kisha hufuata dakika kadhaa za boti kuzunguka, kurudisha kamba, kusubiri mawimbi yatulie na mtu kukaa sawa tena. Saa nzima inaweza kupita na mwanafunzi akawa amefanya zoezi halisi kwa muda usiofika dakika moja. Nchi kavu, dakika hizo ni za bure. Mwanafunzi anakaa chini kwenye nyasi au mchanga, ubao ukiwa umefungwa miguuni, mwalimu anashika upande mmoja wa kamba na kuvuta. Mwanafunzi akikubali kuvutwa, atajikuta akiinuka kutoka makalioni hadi kwenye mchuchumao bila kufanya kazi yoyote. Akikunja viwiko, mwalimu ataihisi tofauti kwenye kamba papo hapo. Mwalimu akiilegeza kamba, mwanafunzi hukaa chini puu, na somo la kamba iliyolegea linakuwa limefundishwa bila hotuba. Dakika kumi zinatosha. Zikizidi hapo, wanaocheka wako sahihi.

Pingamizi lililo zito zaidi linatoka upande wa pili. Je, ukimfundisha mtu kungoja, hutamfanya awe mzigo? Jambo hili hutokea kweli. Kuna wanafunzi wanaoshika somo la subira vizuri mno: ubao umeshapanda, kamba imekuwa nyepesi, nao bado wamejikunyata, makalio yakiburuza maji na kurusha povu, mpaka mikono ikashindwa. Hawa hawakukosea kungoja. Hawakuambiwa wanangoja nini. Alama ipo, ni ule wepesi wa kamba pamoja na mtikisiko unaokoma chini ya miguu. Ikishafika, magoti yafunguke taratibu, lakini yasinyooke kabisa, maana magoti yaliyokunjwa ndiyo yanayomeza mawimbi madogo. Katika muda huohuo ubao unatakiwa kugeuka robo mzunguko, kutoka kukaa mkingamo hadi kuelekeza ncha kwenye boti. Wengi hujaribu kuugeuza kwa kusukuma mguu wa nyuma na kujipinda kiuno, wakajiangusha. Njia nyepesi ni kuushusha mpini kuelekea nyonga ya mbele na kugeuza macho kwenda kwenye boti. Mapezi yaliyo chini ya ubao hutafuta mkondo yenyewe, na ubao hufuata. Uzito uzidi kidogo mguu wa nyuma ili ncha isichimbe. Kuhusu mguu upi utangulie, wala pasiwe na mjadala mrefu: mtu asukumwe kidogo kutoka nyuma bila kuambiwa, na mguu anaoutanguliza kujizuia ndio utakaotangulia kwenye ubao. Akiona haufai, vifungio hubadilishwa kwa dakika chache.

Kuanguka ni sehemu ya somo ambayo aghalabu hutajwa mwishoni na kwa kifupi, nami naona hapo ndipo silika ya kung'ang'ania inapokuwa hatari badala ya kuwa usumbufu tu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 kutokana na kumbukumbu za vitengo vya dharura vya hospitali za Marekani za miaka ya 2001 hadi 2003 ulilinganisha majeruhi wa skii ya majini na wa weikibodi. Wa skii waliumia zaidi kwa kuteguka na kuvutika misuli. Kwa wa weikibodi, karibu nusu ya majeraha yalikuwa ya kichwa na uso. Sababu inaeleweka ukiutazama ubao. Miguu yote miwili imefungwa kwenye kitu kimoja kipana, na mtu anasafiri kiubavu. Ukingo ulio upande anakoelekea ukiingia majini ghafla, ubao unasimama, miguu inasimama nao, na sehemu ya juu ya mwili inaendelea na kasi ileile mpaka kichwa kipige maji. Kwa kilomita 30 kwa saa maji hayana ulaini wowote. Kinachozidisha kishindo ni mpini ambao mtu hakuuachia, kwa sababu boti inaendelea kumvuta wakati ubao umegoma. Kwa hiyo sheria ya kwanza ya kuanguka ni kuachia, na kuachia mapema, wakati bado unadhani unaweza kujiokoa. Kofia ngumu ya michezo ya majini ivaliwe hasa kwenye kebo, ambako kuna gati na vizuizi. Na mwanafunzi asianze kwa kasi ya waliobobea: kilomita 25 kwa saa au zaidi kidogo zinamtosha mtu mzima, na kwa mtoto ziwe pungufu.

Haya yote yana maana kwenye mfuko pia. Biashara ya mchezo huu imejengwa juu ya wimbi: boti za bei mbaya zenye matangi ya kujazwa maji ili zizame na kuacha nyuma yake mawimbi makubwa ya kurukia. Anayeanza hahitaji hata moja kati ya hayo. Wimbi kwake ni adui, na maji tambarare ndiyo darasa. Boti ya kawaida yenye injini ya kutosha inamvuta vizuri, hasa kamba ikifupishwa hadi mita 15 hivi na kufungwa mahali pa juu ili imnyanyue kidogo badala ya kumburuta tu. Bora zaidi kwa maoni yangu ni kebo. Mhandisi wa Kijerumani Bruno Rixen ndiye aliyeasisi, kufikia miaka ya 1960, mitambo ya kebo inayozunguka juu ya ziwa kupitia minara na kuwavuta watu kadhaa kwa wakati mmoja. Mzunguko huo mkubwa una ubaya kwa mgeni, kwa sababu kasi yake ni ileile kwa wote, kilomita 30 hivi kwa saa, na humpokonya mtu subira pale anapoondokea. Mtambo mdogo wa minara miwili ni habari nyingine kabisa: unamvuta mtu mmoja kwenda na kurudi, mwendeshaji anaweza kupunguza au kusimamisha muda wowote, na mwanafunzi aliyeanguka huletewa kamba palepale alipo. Kebo pia iko juu sana, kwa hiyo inavuta kwa kupandisha, na kile kilele cha ukinzani kinakuwa kifupi.

Kwetu Afrika Mashariki mitambo hiyo ni adimu, lakini elimu yenyewe si ngeni pwani. Vijana wanaofundisha mchezo wa kaiti, yaani kuteleza majini ukivutwa na tiara, huko Paje, Unguja, na Diani, Kenya, wakati wa kaskazi na wa kusi, wanatumia ubao wenye ncha mbili zinazofanana, umbo ambalo kaiti ililichukua kutoka kwenye weikibodi, na kuanzia kwao majini ni kulekule: kulala chali, kujikunyata, kungoja upepo uvute. Aliyefuzu kaiti atahitaji muda mfupi tu nyuma ya boti, na aliyeanza na boti atakuwa amevuka nusu ya kaiti kabla hajaugusa upepo. Kwenye maziwa tahadhari ni nyingine. Anayejifunza hukaa ndani ya maji muda mrefu kuliko anavyoteleza, na kwenye mwambao wa Ziwa Victoria, hasa penye majani na maji ya kina kifupi, kichocho hakingoji mtu anywe maji; kinapenya kwenye ngozi. Mafunzo yafanywe mbali na ufuko wa namna hiyo, na mbali na maeneo yanayojulikana kuwa na mamba na viboko.

Amebaki mtu mmoja ambaye makala za mchezo huu humsahau, naye ni anayeshika usukani. Haraka anayoonywa mwanafunzi inaweza kuwa ya nahodha. Anayefungua injini yote kwa mkupuo anamnyang'anya mtu mpini kabla ubao haujajipanga. Anayeogopa na kuvuta kwa unyonge mno anamwacha katika kile kilele cha ukinzani kwa muda mrefu hadi mikono ishindwe. Nguvu iongezwe kwa mfululizo, bila kukatika, na kasi ikishafika isichezewe. Nahodha atazame mbele. Wa kutazama nyuma awe mtu mwingine, ambaye kazi yake ni kusoma ishara za mkono: dole gumba juu kuomba kasi zaidi, chini kuomba ipungue, kupiga kichwa kwa kiganja kwamba anataka kurudi. Mtu akianguka, boti ipunguze kasi kwanza, ndipo igeuke. Imrudie polepole akiwa upande ule ambao nahodha anamwona bila kuinua shingo, kamba ikizungushwa mpaka imfikie mkononi. Akitaka kupanda, injini izimwe kabisa kabla hajaigusa ngazi, kwa sababu rafadha iko chini yake pale pale.